Mkono, sikio na kipimo: historia ya kuchunga pombe inapochacha

Tunapoandika juu ya pombe za asili, mara nyingi tunaandika juu ya kazi yake mu jamii: mahari, ndoa, matanga, kazi ya pamoja ya shamba. Hiyo ni vizuri. Lakini kuna jambo moja tunalipita bila kuliangalia. Ni zile siku mbili tatu ambazo pombe iko peke yake ndani ya chombo, imefunikwa majani ya mgomba, na inafanya kazi bila mtu kuigusa. Nani anajua kinachotokea mle ndani? Na anakijua kwa njia gani?

Swali hilo si dogo. Historia inatuonyesha ya kwamba mtu mwenye kuweza kulijibu ndiye anayeshika pombe, bei yake, na mara nyingine hata kodi yake. Leo huko Marekani na Ulaya, watu wanaotengeneza pombe nyumbani wanatupa ndani ya chombo kifaa kidogo cha elektroniki. Kifaa kinaelea na kinawatumia habari kwenye telefoni. Vijana wetu wameona mambo hayo na wanasema Wazungu wamefika mbali. Sisi tunauliza: wamefika mbali kutoka wapi? Mu kurasa hizi tutafuata njia hiyo, kuanzia mkono wa mama mpaka kifaa kile, halafu tutasema nini kinaweza kutufaa.

1. Mama anapima nini?

Tuchukue mifano miwili inayojulikana mu inchi yetu.

Huku Kivu, ndizi za pombe zinafukiwa ndani ya shimo lililotandikwa majani mpaka ziive. Kisha zinamenywa, zinakandwa pamoja na nyasi ili maji yake matamu yatoke, na yale maji yanachujwa. Wanatia unga wa mtama uliokaangwa, na yote yanakaa kwa kufunikwa ndani ya chombo cha mti kirefu kama mtumbwi, ile jirani zetu wa Rwanda wanaita umuvure, ao siku hizi ndani ya bidoni. Hiyo ndiyo kasiksi.

Katanga, na vilevile ng'ambo ya mpaka huko Zambia, kuna munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anaacha moto upungue, halafu anatia mizizi ya mmea wa porini ambao wataalamu wanauweka katika ukoo wa Rhynchosia. Mizizi ile ina nguvu ya kukata unga kuwa sukari. Uji uliokuwa mzito unakuwa maji-maji, utamu unatokea, na baadaye unaanza kuchacha.

Katika kazi hizo mbili mama anapima. Anapima joto kwa mkono: akitia mzizi wakati uji ungali unachemka, nguvu ya mzizi inakufa, akingoja mpaka uji umepoa kabisa, kazi inakwenda pole sana. Anapima sukari kwa ulimi. Anapima mwendo wa kuchacha kwa macho na kwa sikio: povu linapanda, linasimama, linashuka, ile sauti ya kuchemka bila moto inaongezeka, halafu inapungua. Mwisho anaonja tena, anasikia utamu umekwenda na ukali umeingia.

Anapima hata mahali. Bukavu iko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na usiku kuna baridi. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako karibu mita 770 tu, na joto ni kubwa zaidi. Ndizi zile zile, unga ule ule, lakini mwendo wa kuchacha si mmoja. Ndiyo maana mama wa milimani anasogeza chombo karibu na moto. Ukimuuliza amejuaje saa ya kukisogeza, atakujibu: "Mukono yangu njo inajua." Jibu hilo si la mzaha. Ni jibu la mtu mwenye masomo ambayo hayakuandikwa mu buku.

2. Watu waliotafuta uso wao ndani ya maji

Wengi wetu tunafikiri kwamba Mzungu alizaliwa na termometa mkononi. Hapana. Tuangalie Uingereza, juu ya kuwa mambo ya kule yaliandikwa vizuri.

Katika karne ya 14, sehemu kubwa ya pombe ya Uingereza ilitengenezwa na kuuzwa na wanawake, nyumbani, karibu na jiko. Polepole, pombe ilipoanza kuleta faida kubwa na kuomba vyombo vya bei kali, kazi iliingia mikononi mwa wanaume wenye mali. Tushike jambo hilo, maana tutalirudilia.

Wanaume hao nao walipima kwa mwili. Pombe yao ilitoka katika malti, maana yake shayiri iliyooteshwa na kukaushwa, sawa na mtama unaooteshwa kwetu. Ili malti itoe sukari, maji yanayomwagiwa yasiwe ya moto sana wala ya baridi sana. Sasa walijuaje? Walichemsha maji, wakangoja mvuke upungue, na fundi aliinama kuangalia. Akiona uso wake ndani ya maji, saa imefika. Tunaona basi ya kwamba fundi wa London na mama wa Katanga walikuwa darasa moja.

Fahrenheit alitengeneza termometa yake ya zebaki mwaka 1714. Mtu angefikiri kwamba wenye pombe waliikimbilia. Miaka zaidi ya 40 ilipita. Mu mwaka 1758, Michael Combrune, mtengenezaji wa pombe wa London, aliandika kitabu kidogo juu ya kazi hiyo, na mwaka 1762 akatoa kikubwa zaidi, akishauri wenzake watumie termometa. Katika mji wa Alton, kijana James Baverstock aliitumia kwa kujificha, kwa sababu baba yake, mwenye kazi, hakutaka mambo mapya. Hata kule, kumbe, wazee walikataa kifaa na vijana walikificha.

Baverstock huyo hakuishia kwa termometa. Mu mwaka 1768 alipata kifaa kingine, densimetri. Wasomaji wetu wanakijua bila kujua: ni ndugu ya kile kijiti cha kioo ambacho fundi wa batri hutumia kuangalia asidi. Unakitia ndani ya maji. Maji yakiwa mazito kinapanda, yakiwa mepesi kinazama. Sasa maji yenye sukari ni mazito kuliko maji matupu. Pombe inapochacha, sukari inaisha na alkoli inatokea, na alkoli ni nyepesi kuliko maji. Basi kijiti kinazama siku kwa siku.

Tufanye hesabu kama mu darasa. Maji matupu yanasoma 1,000. Maji matamu ya malti yanaweza kusoma 1,050 siku ya kwanza. Kama siku ya mwisho yanasoma 1,010, tofauti ni 0,040. Ukizidisha tofauti hiyo kwa 131, unapata karibu 5,2. Hiyo ndiyo alkoli kwa mia, kwa kukadiria. Hakuna uchawi.

Baverstock alipeleka kifaa chake kwa Samuel Whitbread, mmoja wa matajiri wakubwa wa pombe ya London. Tajiri hakumsikiliza. Mwingine, Henry Thrale, ndiye aliyeelewa. Kisha mwaka 1784 John Richardson wa mji wa Hull alitoa kitabu chenye kuonyesha namna ya kutumia densimetri kwa kila hatua ya kazi, na tangu hapo kifaa kilianza kuenea.

3. Kipimo kilipobadilisha pombe yenyewe

Hapa ndipo historia inatupatia fundisho. Wenye kazi walifikiri kipimo kitawaonyesha tu kinachoendelea ndani ya chombo. Kumbe kilibadilisha kilichomo.

Pombe nyeusi ya London, ile iliyoitwa porter, ilitengenezwa kwa malti ya rangi ya kahawia, ambayo bei yake ilikuwa nafuu. Densimetri ilipoingia, watu walipima na kukuta ya kwamba malti hiyo inatoa sukari kidogo kuliko malti nyeupe. Ile nafuu, ukihesabu sukari, ilikuwa ghali! Basi walianza kuiacha na kutumia nyeupe zaidi. Lakini pombe ikapoteza weusi wake, na wateja walitaka ule weusi. Wengine wakatia rangi za kila namna, hata zilizokatazwa na sheria. Mpaka mwaka 1817 Daniel Wheeler alipopata hati ya serikali kwa mashini ya kukaanga malti mpaka iwe nyeusi kama kahawa. Tangu hapo kipande kidogo kilitosha kurudisha rangi. Pombe nyeusi tunayoijua leo ilitoka katika mambo hayo.

Jambo la pili ni kodi. Mu mwaka 1880, serikali ya Gladstone iliacha kutoza kodi juu ya malti, ikaanza kutoza juu ya uzito wa maji matamu kabla hayajachacha. Kijiti kile ambacho kijana wa Alton alikitumia kwa faida ya familia yake, sasa kilikuwa mkononi mwa mtu wa kodi. Tuseme wazi: kipimo hakina rafiki wa milele. Kinamtumikia anayekisoma.

4. Ilipojulikana nani anafanya kazi ndani

Mpaka hapo walipima kazi bila kumjua mfanyakazi. Mwaka 1837, Cagniard-Latour huko Ufaransa na Schwann huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kwamba chachu, ile wengi kwetu wanaita levire, ni kitu chenye uhai. Pasteur alianza kuandika juu ya kuchacha mwaka 1857, na mwaka 1876 akatoa kitabu kizima juu ya pombe na magonjwa yake. Mu mwaka 1883, Emil Christian Hansen, katika laboratwari ya Carlsberg huko Copenhagen, alifaulu kutenga chachu ya aina moja peke yake na kuiotesha kwa kazi ya braseri. Na katika laboratwari ileile, mwaka 1909, Sørensen aliweka kipimo cha pH ambacho wanafunzi wetu wanakikuta mu masomo ya kemia.

Elimu hiyo ilifika kwetu ikiwa imeshafungwa ndani ya butelia. Braseri ya Léopoldville, ile ambayo baadaye tuliijua kwa jina la Bralima, ilianzishwa mwaka 1923. Ndani ya kuta zake kulikuwa termometa, densimetri na buku za kuandikia. Nje ya kuta, mama aliendelea na mkono na sikio. Hakuna aliyeona kwamba watu hao wawili wanafanya kazi moja, juu ya kiumbe kimoja, chachu. Mu shule pia tulifundishwa Pasteur bila kuambiwa kwamba mfano wake uko nyuma ya nyumba, chini ya majani ya mgomba.

5. Kifaa kinachoelea

Sasa tufike kwa vifaa vya leo. Huko Uingereza, mtu alihitaji ruhusa ya serikali ili atengeneze pombe nyumbani mpaka mwaka 1963. Huko Marekani, baada ya katazo la pombe la 1920 mpaka 1933, pombe ya malti ya nyumbani ilibaki nje ya sheria ya taifa. Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya kuiruhusu mu mwezi wa kumi 1978, nayo ikaanza kufanya kazi mwaka 1979. Hivi basi, kwa muda mrefu, Mmarekani aliyepika pombe yake nyumbani alijificha, kama vile mama wengi wa kwetu walivyojificha na lutuku.

Tangu hapo watu hao waliongezeka, na shida yao ilikuwa ile ya zamani: kujua kinachotokea ndani bila kufungua chombo kila mara, maana kila kufungua ni kuingiza uchafu na hewa. Mu miaka ya 2010 walipata jibu. Ni bomba dogo lililofungwa vizuri, lenye batri, termometa ndogo, na kile kipande kinachofanya picha igeuke wakati unapogeuza telefoni. Linaelea kwa kuinama. Maji yakiwa mazito kwa sukari, linalala upande. Kadiri sukari inavyoisha, linasimama. Kifaa kinasoma pembe ya kuinama, kinaigeuza kuwa uzito wa maji, na kinaituma kwa telefoni ao kwa ordinateri. Kimoja kinauzwa kwa jina la Tilt. Kingine, iSpindel, kilitokea Ujerumani, na mpango wake ulitolewa bure ili kila fundi ajitengenezee kwa vipande vya bei ndogo. Spindel ni jina ambalo Wajerumani wanaita densimetri. Hata kwa jina, basi, ni kile kijiti cha Baverstock kilichowekewa batri.

Tusikidharau. Kinaweza kusoma kila baada ya dakika 15, mchana na usiku, wakati mtu amelala. Lakini tusikiabudu. Povu zito ao machicha yakikigandia, kinainama vibaya na kusema uongo, na msomaji anayejua kasiksi na unga wake wa mtama anaelewa tunachosema. Kinahitaji kuchajiwa, na mara nyingi kinahitaji mtandao. Kuna mashini nyingine za pombe ya nyumbani zinazotegemea kabisa ordinateri za kampuni iliyoziuza. Kampuni PicoBrew ya Seattle ilipoanguka mwaka 2020, wenye mashini zake walikuwa na hofu ya kubaki na sanduku la chuma tu. Mkono wa mama hauombi ruhusa ya Seattle.

6. Nini kinatufaa?

Wengine watasema: basi tubaki na mkono. Hatukubaliani nao, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, mkono unakufa na mwenyewe. Tangu vita vya 1996, familia nyingi za Kivu zimehama mara nyingi. Binti hakukaa karibu na mtungi wa mama yake muda wa kutosha kujifunza. Ya pili, mambo ambayo mkono ulizoea yamebadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulionekana Masisi, halafu ukaenea, na ndizi za pombe ziliumia sana. Mama ambaye ndizi za shamba lake zimekufa ananunua za hapa na pale, nyingine tamu, nyingine hapana. Ulimi wake ulisomea migomba ambayo haiko tena.

Tukiangalia vizuri historia ya Uingereza, tunaona kilichowapa nguvu hakikuwa kioo wala zebaki. Ni daftari. Termometa bila daftari inakuambia joto la leo tu. Kwa daftari, pombe ya leo inaweza kulinganishwa na ya mwezi uliopita, na ya mama na ya binti yake. Na kifaa kile cha telefoni, ukitoa batri na mtandao, ni daftari linalojiandika lenyewe.

Sasa sisi tuna kipimo ambacho hakihitaji mtandao: mizani ya sokoni. Mu masomo ya kemia tunafundisha kwamba sukari inapochacha inagawanyika karibu nusu kwa nusu: kwa kilo 1 ya sukari, karibu gramu 510 zinakuwa alkoli na karibu gramu 490 zinakuwa gazi. Gazi hiyo inatoka na kwenda. Kwa hiyo chombo kinapungua uzito! Mtu akipima bidoni yake asubuhi na jioni, akakuta imepungua gramu 490, anajua karibu kilo 1 ya sukari imeliwa. Siku ambayo uzito unakataa kupungua, kazi imekwisha. Bidoni isifungwe kwa nguvu, kwa sababu gramu hizo 490 ni zaidi ya lita 250 za gazi, na bidoni iliyozibwa inaweza kupasuka. Vilevile tusilale ndani ya chumba kidogo kilichofungwa chenye pombe nyingi inayochacha. Gazi hiyo inafukuza hewa nzuri.

Tunapendekeza hivi kwa walimu wenzetu. Wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita waende kwa mama wa mtaa wao, kwa ruhusa yake, na daftari lenye safu tano: tarehe na saa, uzito, joto, hali ya povu, na maneno ya mama mwenyewe, yaandikwe mu luga yake kama anavyoyasema. Safu hiyo ya tano isiachwe, juu ya kuwa ndiyo itaeleza zile nyingine. Mama akisema pombe iko karibu, na uzito unaonyesha bado, tusikimbilie kusema mama amekosea. Tuandike yote mawili, tungoje kesho yake, tuone.

Na tukumbuke wanawake wa Uingereza ambao tulisema tutawarudilia. Kazi yao iliondoka mikononi mwao kabla ya termometa kufika, na termometa ilipofika haikuwarudishia. Kwa hiyo daftari liwe mbili: moja la shule, na moja libaki nyumbani kwa mama, na jina lake juu yake. Siku moja mtu wa kampuni ao mtu wa kodi akija kuuliza pombe hii inafanyikaje, akute tayari kuna mwenye kuisoma.